Kahawa chungu kwa asiyependa uchungu: aanzie wapi?

Msomaji wetu mmoja, kijana wa Mkoani, Pemba, aliyeoa Unguja, ameuliza hivi: "Kwetu nimekulia kwenye chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu. Hapa baba mkwe wangu huniita barazani kila siku baada ya alasiri, dele la kahawa liko tayari, na kikombe kimoja tu nakimeza kama dawa. Nimejaribu kupika mwenyewe nyumbani nizoee kidogo kidogo. Nimetia vijiko vichache na nikaiacha ichemke nusu saa, kama ninavyoona wenye madele hawalitoi dele motoni. Ikatoka chungu kuliko ile ya mzee. Je, ulimi wangu una kasoro? Na nikiomba sukari itakuwa aibu?"

Ulimi wako hauna kasoro, bwana. Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukisema kahawa ni chungu unaweza kuwa umekusanya vitu vitatu chini ya jina moja, na kila kimoja kina sababu yake na dawa yake. Kuna uchungu wenyewe, ule wa shubiri na mwarobaini, unaokaa nyuma ya ulimi na kuchelewa kuondoka. Kuna ukakasi, ambao kila aliyewahi kuuma bibo lisiloiva anaujua: huo hata si ladha, ni ulimi na ufizi kukauka na kujikunja. Na kuna ladha ya kuungua, ile ya ukoko ulioshika moto. Kikombe kinachomshinda mgeni aghalabu kina yote matatu. La kuzoea ni la kwanza peke yake. Mawili yaliyobaki ni makosa ya aliyekaanga au aliyepika, na hakuna sababu ya mtu kujilazimisha kuyapenda.

Kesho barazani fanya hivi. Chukua fundo dogo, lizungushe mdomoni kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, meza, kisha pitisha ulimi kwenye kaakaa. Ukikwaruza kama unapita juu ya kitambaa kikavu, huo ni ukakasi. Halafu funga mdomo utoe pumzi puani. Ukisikia harufu ya moshi na majivu kuliko ya kahawa, buni iliungua. Kama ulimi unateleza na pua imesikia harufu nzuri, lakini nyuma ya ulimi pamebaki kitu kinachokaa, umekutana na uchungu wa kahawa wenyewe, na huo si mkubwa kama ulivyokuwa ukidhani.

Watu wengi huitupia lawama kafeini, kile kitu cha kahawa kinachofukuza usingizi. Kafeini ni chungu kweli, lakini mchango wake ni mdogo. Mwaka 2007 mkemia wa Ujerumani, Thomas Hofmann, alieleza kwamba ni takriban asilimia 15 tu ya uchungu wa kahawa unaotokana nayo. Sehemu kubwa haimo kwenye buni mbichi kabisa, inazaliwa motoni. Buni ina asidi za klorojeniki kwa wingi. Ikikaangwa kiasi, asidi hizo hugeuka kuwa laktoni, zenye uchungu laini ambao mnywaji wa kahawa anautafuta. Moto ukizidi, laktoni nazo huvunjika zikawa finilindani, na hapo uchungu unakuwa mkali, wa kuganda kooni. Kwa hiyo tofauti kati ya kahawa inayonyweka na dawa mara nyingi ni dakika mbili au tatu za karaini.

Aina ya buni nayo ina sehemu yake. Kahawa inayonywewa visiwani kwetu kwa kawaida hutoka bara. Ile ya Kagera kwa sehemu kubwa ni robusta. Ya Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga ni arabika. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na asidi za klorojeniki zaidi, ndiyo maana ni chungu na nzito. Ukinunua buni mbichi sokoni Darajani huna haja ya kuamini maneno ya mtu, mwaga punje kiganjani uziangalie. Arabika ni ndefu kidogo, na mfereji wake wa katikati umepinda kama herufi S. Robusta ni ya mviringo, mfereji umenyooka. Kwa mtu anayeanza, nunua arabika tupu. Ukishazoea, changanya robusta robo moja kwa arabika robo tatu; hiyo robo inaipa kahawa uzito na povu, na wazee wengi hawaioni kahawa kuwa kahawa bila uzito huo.

Sasa kukaanga, maana hapa ndipo kazi ilipo. Chukua nusu kilo ya buni, usizidishe, kwa sababu karai la nyumbani likijaa punje za chini zinaungua za juu zikiwa mbichi. Chagua mawe, punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu. Punje mbovu moja unaweza kuisikia kwenye dele zima. Mkaa wa seredani uwe umeshika wote na umeanza kuvaa jivu jeupe, usiwe wa miali. Koroga kwa mwiko bila kupumzika. Buni itatoka kijani, iwe njano na kunukia kama nyasi kavu, kisha kahawia, na baada ya dakika 8 mpaka 10 utasikia mlio kama wa bisi. Huo ni mlio wa kwanza, punje zimefika karibu nyuzi 200 za Selsiasi na zinapasuka kwa mvuke. Milio ikipungua, hesabu dakika moja au moja na nusu, ondoa. Rangi unayoitaka ni ya karafuu iliyokauka vizuri, kavu juu, bila mng'ao.

Ukiendelea utasikia mlio wa pili, mwembamba na wa haraka haraka, karibu nyuzi 225, na punje zitaanza kutoa jasho la mafuta na kuwa nyeusi. Kahawa nyingi za madele hukaangwa mpaka hapa au kupita, na ndiyo inayokushinda. Wakaangaji wana sababu zao: kahawa nyeusi hutoa rangi haraka, na tofauti ya buni nzuri na mbaya haionekani tena. Lakini mtu asiyependa uchungu hana biashara na mlio wa pili.

Kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya ni kuiacha buni ipoe ndani ya karai. Punje zina joto lake, na zinaendelea kuiva hata nje ya moto. Zimwage mara moja kwenye ungo mpana, zipepete huku mwenzako anapunga kipepeo, zipoe ndani ya dakika tatu au nne; na maganda membamba yanayopeperuka yaache yaende, maana yakisagwa pamoja na kahawa huleta ladha ya majani makavu. Ukipima utakuta nusu kilo imebaki kama gramu 425. Ikiwa imeshuka mpaka gramu 400 au chini yake, umekaanga zaidi ya nilivyokueleza. Iache usiku kucha kwenye chombo kisichobanwa sana ndipo uisage, kwa sababu kahawa iliyotoka motoni saa hiyo hiyo ina gesi nyingi na hupikika ovyo, povu likimwagika kabla ladha haijatoka.

Kusaga ni jambo fupi, lakini lina mtego. Unga mwembamba kama wanja ni mzuri kwa kahawa ya Kituruki, inayoondolewa motoni upesi. Wewe unapika birika zima, kwa hiyo saga au twanga mpaka iwe kama chenga za unga wa sembe, unasikia chembe ukifinya kwa vidole. Kinu na mchi huacha unga na mapande pamoja. Pitisha kwenye chekeche, mapande yarudi kinuni. Saga ya wiki moja tu na uifunge chupani. Kwa unyevu wa hapa kwetu, kahawa ya unga iliyoachwa kwenye karatasi hupoteza harufu ndani ya siku chache, na harufu ikiondoka uchungu unabaki peke yake mezani.

Tuje kwenye nusu saa yako. Ulifanya makosa mawili yanayosaidiana. Kwanza ulitia vijiko vichache ukidhani kahawa chache ni uchungu mchache. Ni kinyume. Maji moto hutoa kwanza uchachu, harufu na utamu wa kahawa, kisha uchungu wa kawaida, na mwisho kabisa ukakasi na mabaki ya kuni. Unga ukiwa mchache na maji mengi na muda mrefu, kila chembe inakamuliwa mpaka tone la mwisho, na unapata kinywaji chepesi kwa rangi lakini kikali kwa ulimi. Pili, ulichemsha pamoja na unga wake. Dele la barazani linakaa juu ya mkaa mdogo wa kulipa joto tu, halitokoti, na kahawa iliyomo aghalabu ilishatuama au kuchujwa. Uliiga moto bila kuona kilichokwisha kufanyika kabla yake.

Pika namna hii. Kwa lita moja ya maji, tia kipande cha tangawizi mbichi cha urefu wa kidole gumba, kimepondwa, uchemshe dakika 10. Tangawizi inahitaji muda huo, kahawa haiuhitaji. Epua, subiri dakika moja maji yatulie. Tia gramu 45 za kahawa, yaani vijiko 9 vya mezani vilivyo sawa na ukingo. Koroga mara moja, rudisha motoni. Povu litakapopanda na kukaribia mdomo wa birika, epua lishuke, rudisha, epua, mara ya tatu epua moja kwa moja. Tangu unga ulipoingia mpaka hapo zisizidi dakika 5. Nyunyiza vijiko viwili vya maji baridi juu yake, na utaona kile kizibo cha unga kilichoelea kinavunjika na kuzama. Ngoja dakika 4, kisha mimina pole pole kwenye dele au chupa ya chai kupitia kitambaa safi, na ukifika kwenye mashapo simama. Usiyakamue, na usiyatilie maji ya pili. Ikiwa bado ni nzito kwako, ongeza maji moto kikombeni baada ya kuchuja. Hiyo ndiyo njia ya kupunguza makali, si kupunguza unga.

Maji yenyewe yana neno. Mengi tunayoyatumia yametoka ardhini, kwenye mwamba wa chokaa, na ule ukoga mweupe unaogandamana ndani ya birika ndio ushahidi. Maji ya namna hiyo huua uchachu wa kahawa, nao ndio unaoupa uchungu mwenza. Kahawa inakuwa bapa. Jaribu siku moja kwa maji ya mvua yaliyochemshwa au ya chupa, uone tofauti, halafu uamue kama inafaa kuhangaika.

Viungo husaidia, lakini si vyote vinasaidia kwa njia moja. Iliki, punje tano zilizopasuliwa kwa lita, itie mwishoni kabisa wakati kahawa inatuama, kwa sababu harufu yake huruka kwa kuchemka. Mdalasini, kipande cha nusu kidole, huufanya ulimi udhani kuna utamu ambao haupo; kwa mtu wa chai ya sukari kama wewe hiki ni kiungo cha kwanza kujaribu. Tangawizi haipunguzi uchungu, inaushughulisha ulimi na ukali ili usiuangalie sana. Karafuu, punje mbili tu. Najua si rahisi kumwambia Mpemba apunguze karafuu, lakini ina yujino, mafuta yale yale yanayotuliza jino, nayo ikizidi hutia ganzi na uchungu wake mwenyewe, ukawa umeongeza ulichokuwa unakikimbia.

Na kuna chumvi. Usishtuke. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Breslin na Beauchamp, walionyesha kwamba sodiamu huubana uchungu ulimini na kuziachia ladha nyingine nafasi ya kujitokeza. Unachohitaji ni chembe za kushikwa kwa ncha za vidole viwili kwa lita nzima. Ukiisikia chumvi, umeshazidisha. Na kama kisima chenu kina maji ya chumvi, kama vingi vya ukanda wa pwani, jambo hili liache, limeshafanyika bila wewe.

Maziwa yangekusaidia, protini yake hushikana na vitu vinavyoleta ukakasi. Ila sikushauri upite njia hiyo. Utazoea maziwa, na barazani hayapo.

Sasa namna ya kunywa, na hapa wengi hukosea bila kujua. Kashata na halua hazikuwekwa kando ya kahawa kwa mapambo. Lakini ukila kipande cha halua, ukakimeza, kisha ukanywa kahawa, utaiona kahawa chungu zaidi kuliko ungeinywa tupu, kwa sababu ulimi umetoka kwenye utamu na kila kitu baada yake kinapimwa kwa utamu huo. Fanya tofauti: tia kipande kidogo mdomoni, kitafune nusu, na kabla hujameza pitisha fundo la kahawa juu yake. Utamu na uchungu vikikutana ulimini wakati mmoja hupunguzana nguvu. Halua ina faida ya pili, samli yake hutandaa mdomoni na kupunguza ukakasi. Kashata ya njugu hufanya hivyo kidogo, ya nazi pia. Tende ni nzuri lakini huisha mdomoni upesi, kwa hiyo itafunie mafundo mawili, si kikombe kizima.

Kunywa ikiwa moto wa kustahimilika, kwa mafundo madogo. Kuikalia ipoe ili uimeze kwa mkupuo ni kujiumiza: ikipoa, harufu hulala na uchungu husimama. Na barazani wahi mwanzo wa dele. Kahawa iliyokaa juu ya mkaa kwa saa mbili imepungua maji na imekaribia mashapo, hata kama mpishi wake ni fundi.

Kuhusu muda, jipe wiki mbili. Siku nne za mwanzo nusu kikombe kwa siku, na kitu kitamu mdomoni kila fundo. Kisha acha fundo la mwisho liwe tupu. Kisha mawili. Uchungu ni ladha ambayo mwili hutushitua nayo kwa sababu sumu nyingi za mimea ni chungu, na binadamu ana aina kama 25 za vipokezi vyake, zinazotofautiana mtu na mtu kwa kurithi. Ulimi huacha kushituka unapoona kwamba hakuna baya lililofuata. Wala usidhani wanaopenda kahawa hawausikii uchungu. Utafiti mmoja wa mwaka 2018, uliotumia taarifa za watu zaidi ya 400,000 Uingereza, ulikuta kwamba wenye urithi wa kuusikia zaidi uchungu wa kafeini ndio waliokuwa wakinywa kahawa nyingi zaidi. Huenda baba mkwe wako anausikia kuliko wewe.

Sukari: kwa kikombe chako mwenyewe nyumbani si aibu hata kidogo, na nusu kijiko cha chai inatosha. Barazani, dele ni la wote na halitiwi sukari, kwa hiyo usiiombe. Desturi imeshakupa kashata kwa kazi hiyo hiyo. Sema tu, "Baba, nitilie nusu," na ukishatosheka, "Alhamdulillah, inatosha." Hakuna mzee atakayekulazimisha cha pili. Ukitaka kumfurahisha, siku moja chukua ile arabika uliyoikaanga mwenyewe umpelekee robo kilo, umwombe aipike yeye. Atasema ni nyepesi. Mwache aseme, lakini angalia kama dele litabaki na kitu.

Tahadhari mbili, kwa haraka. Kafeini hubaki mwilini: baada ya saa tano hivi nusu yake ingali imo, kwa hiyo kikombe cha saa 10 alasiri bado kiko nawe saa 3 usiku. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya huweka kikomo cha miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito, basi mkeo akibeba mimba vikombe vyake vihesabiwe. Na usinywe kahawa papo hapo na chakula, kwani huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Iachie nafasi kati yake na chakula.

Mwisho ni chombo. Mafuta ya kahawa hugandamana ndani ya dele na kuoza, na dele lisilosuguliwa huchafua kahawa nzuri kwa uchungu wa kale unaonuka kama mafuta ya juzi. Lioshe kwa maji moto kila siku, na mara moja kwa wiki litie vijiko viwili vya magadi ya mkate kwa lita ya maji moto, likae nusu saa, usugue mpaka ndani ya mdomo wake, kisha suuza mara tatu. Dele la shaba lazima ndani liwe limetiwa bati, kwa sababu kahawa ina asidi na hula shaba. Ukiona wekundu unachungulia ndani yake, lipeleke kwa fundi litiwe bati upya kabla hujalipikia tena.